Dondoo muhimu: Kufifisha makovu kwa tiba za nyumbani

• Subiri kidonda kifunge kabisa kabla ya kupaka chochote.

• Jaribu kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono. Ukiwashwa ndani ya saa 24, acha.

• Kata jani la mshubiri (alovera), acha utomvu wa njano uchuruzike, kisha paka ute wa jani hilo. Mafuta ya nazi nayo hulainisha kovu ukilikanda taratibu kila siku.

• Usipake ndimu wala limau: ukitoka juani, ngozi huweza kuungua na kuwa nyeusi zaidi.

• Kinga kovu na jua kwa nguo.

• Vumilia. Kovu hufifia kwa miezi mingi, wala halifutiki lote.

• Likivimba na kupita mpaka wa kidonda, mwone daktari wa ngozi.