🌙 *TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Nani anapiga hema leo?*



Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja fundi alinivuta pembeni. Saitini kwao wako wanne, na anayefunga ni yeye peke yake. Akaniambia: "Shehe, ikifika saa nane nguvu zinaisha. Nakaa kivulini, wenzangu wanabeba zege. Hawasemi kitu, lakini nyuso zao naziona. Saumu yangu iko sawa kweli?"

Swali zuri hilo, na wengi wetu linatuhusu: mafundi, madereva, mama lishe, walimu, walio maofisini. Nilimjibu kwa kisa.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na Bukhari na Muslim wamekipokea, kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.). Baadhi walikuwa wamefunga, baadhi hawakufunga, maana msafiri ana ruhusa. Wakatua mahali siku ya joto kali. Kivuli hakuna, mwenye shuka ndiye aliyebahatika, wengine walijikinga jua kwa viganja. Waliofunga wakaanguka kwa uchovu. Wasiofunga wakainuka, wakapiga mahema, wakawanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba thawabu za siku ile wamezichukua wale wasiofunga.

Hebu tuangalie vizuri. Waliofunga hawakukemewa. Lakini pia hakuna aliyejifanya kwamba mahema yalijipiga yenyewe. Aliyefanya kazi alitajwa mbele ya watu.

*Funzo ndilo hili: kazi haipungui kwa sababu mimi nimefunga. Ikipungua kwangu, imeongezeka kwa mwenzangu.*

Tusielewe vibaya. Fundi wa Kimandolu si msafiri. Mzima wa afya hali mchana eti kwa sababu zege ni zito. Anaamka na saumu yake. Ikimfikia hatari ya kweli ya kudhurika, hapo anafungua na kulipa siku hiyo baadaye. Mgonjwa amuulize daktari wake, kisha aje tuzungumze.

Basi tufanyeje?

*1. Sema mapema.* Usisubiri saa nane ndipo utoweke. Asubuhi waambie wenzako: "Mimi mchana nguvu zinapungua, nipeni kazi nzito sasa hivi." Zege likishachanganywa halisubiri mtu, basi lipangwe asubuhi. Mchana wewe funga nondo za kesho, pima, panga vifaa. Ukihisi kizunguzungu, usipande jukwaani. Hiyo ni amana ya roho yako na ya aliye chini yako.

*2. Lipa ulichobebewa.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60. Wenzako wakienda kula, wewe huli. Pumzika kidogo, halafu waulize ni kipi unaweza kuwashikia. Na mwenzako asiyekuwa Muislamu aliyekubebea ndoo, mwambie asante kwa mdomo wako. Mkaribishe futari siku moja.

*3. Usione kazi ndogo ni aibu.* Sisi wa Arusha tunajua hali inavyogeuka. Ramadhani ya 2020 ilitukuta na korona. Ndege za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa tangu Aprili. Watalii waliokuja nchini 2019 walizidi milioni 1.5, mwaka 2020 wakabaki laki sita na kidogo. Dereva aliyezoea Serengeti akashika jembe, mwingine akauza mboga, mwingine akapanda bodaboda. Ujuzi wao haukupungua; njia ndiyo iliyofungwa. Aliyesema "mimi siwezi kuonekana nauza nyanya" aliumia zaidi. Watalii wamerudi, alhamdulillah, na wengi wamerudi kwenye usukani.

Kwenye kisa chetu pia, aliyepiga hema ni yule aliyeweza siku ile. Kesho yake huenda zamu ikageuka.

Na jamani, uchovu mwingine si wa saumu. Ni wa simu mpaka saa saba usiku na daku iliyopitwa na usingizi. Huo tusiwabebeshe wenzetu.

Yule kijana jana kanitumia ujumbe. Siku hizi anaingia saa moja kasoro, anachanganya zege la kwanza kabla jua halijawaka. Alasiri ndiye anayebaki kuosha vifaa wakati wenzake wanavaa waondoke. "Shehe, leo wameniachia maji yangu ya kufuturia kwenye ndoo, yamefunikwa."

*Swali la leo:* Nani anakupigia hema kazini kwako, na je, anajua kwamba umeona?

Ee Allah, zipokee saumu zetu, bariki mikono yetu, na tusiwe mzigo kwa wenzetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako wa kazini. Ramadhani Kareem.