Si Uzee Tu, Pengine ni Sukari

Tukitembelea vikundi tunaambiwa mara nyingi, "Mzee amechoka, ni miaka tu." Pengine ni miaka kweli. Lakini je, amepimwa sukari?

Ugali tunaokula hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huiingiza sukari hiyo misulini, ambayo ndiyo ghala kubwa. Kuanzia miaka 40 hivi misuli hupungua, mafuta ya tumbo huongezeka, insulini hufanya kazi kwa shida na kongosho lenyewe huchelewa kuitikia. Ghala limekuwa dogo na mavuno ni yale yale, basi sukari inabaki kwenye damu.

Hapa tusikilizane vizuri. Kijana mwenye kisukari hukojoa sana na kuona kiu. Mzee huenda asione hayo, maana figo zake hazitoi sukari upesi, na hata kiu hupungua uzeeni. Mtamwona tu amekonda, anasahau, anaanguka, kidonda hakiponi. Msingoje kiu. Apimwe asubuhi kabla ya kula chochote. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita, kipimo kirudiwe siku nyingine.

Kutembea na kulima kidogo huifanya misuli ivute sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Kumkalisha mzee kitini kutwa, ati ni heshima, hatukubaliani nako.

Anayetumia dawa asikae njaa. Akitetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari mara moja, kisha ale. Akizimia msimnyweshe kitu; mkimbizeni hospitalini.