Maji Yakiwa Tope, Mwite Samaki kwa Kayamba

SOMO LA VIKUNDI: UVUVI WA NDOANO



Somo letu safari hii ni la wale wanaoishi kando ya Ziwa Naivasha, lakini hata ninyi wa mtoni na wa milimani msifunge ukurasa, kuna lenu mwishoni. Tutajifunza kumvua samaki aitwaye blakibasi wakati maji yamechafuka.

Wengi wetu, mvua kubwa ikinyesha na ziwa likageuka rangi ya chai ya maziwa, tunarudisha ufito nyumbani na kusema, "Leo hakuna kitu." Lakini samaki hajahama. Yuko pale pale. Shida ni kwamba sisi bado tunamtegea kwa kitu cha kuonwa, na yeye haoni. Dawa yake ni kumpa kitu cha kusikia.

1. HUYU SAMAKI NI NANI?

Blakibasi si mwenyeji wa Naivasha. Kwao ni Marekani, katika mito na maziwa ya nchi kama bonde la Mississippi, ambako maji mara nyingi ni ya tope. Aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha. Utamjua kwa mdomo wake mpana, taya likifika nyuma ya jicho, na alama nyeusi iliyopita ubavuni.

Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji baridi, yule mwenye magando mawili ya kubana. Naye pia kwao ni kusini mwa Marekani. Kwa hiyo mla na mliwa wakakutana tena ugenini, na kamba huyu akawa chakula kikubwa cha blakibasi wa Naivasha. Shika jambo hilo, maana ndilo msingi wa somo.

Tena kuna samaki wa tatu wa kukumbuka. Ni kapi, aliyeonekana ziwani mara ya kwanza mwaka 2001, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu. Kapi hula kwa kufukua matope chini kama nguruwe shambani, na kufukua huko kunazidi kuchafua maji. Ndiyo maana siku za maji safi zimepungua kwa anayevua kwa ndoano.

2. SAMAKI ANASIKIA NAMNA GANI?

Blakibasi kwa kawaida huwinda kwa macho. Maji yakiwa safi humwona kamba au samaki mdogo kwa mbali, akamrukia. Maji yakiwa tope, umbali huo hupungua sana. Chambo chako kinaweza kupita karibu naye asikione kabisa.

Lakini anayo njia nyingine mbili. Ya kwanza ni masikio. Samaki hana masikio ya nje kama ya mbuzi, lakini ndani ya kichwa anayo. Na sauti majini husafiri upesi, kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Ya pili ni ule mstari wa ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Mstari huo una vitundu vidogo vinavyohisi maji yakitikisika. Ni kama mtu gizani anayejua kuna mtu chumbani kabla hajaguswa.

Kwa hiyo kwenye tope samaki hasemi, "Nimekiona." Anasema, "Nimekisikia, kiko karibu, ni kizito, kinatambaa." Kazi yako ni kumsaidia aseme hivyo.

3. KIFAA CHENYEWE

Wamarekani hutumia kifaa kiitwacho jigi. Ni ndoano kubwa yenye kichwa kizito cha risasi, na ncha yake inatazama juu ili isinase chini. Imevishwa sketi ya nyuzi za mpira zinazocheza majini, na mbele ina brashi ya nywele ngumu za plastiki inayokinga ndoano isishike majani. Nyuma huongezwa mkia wa mpira wenye umbo la kamba.

Jigi ya maji ya tope huongezewa kayamba: kijibomba kidogo chenye gololi ndani. Ukitikisa, inalia ka-ka-ka, kama magando ya kamba yakigonga mawe. Ndiyo sauti ya chakula anachokijua.

Uzito wa gramu 10 hadi 14 unatosha. Rangi nzuri ni nyeusi, au nyeusi na buluu. Wengine hushangaa kwamba tope linataka cheusi, lakini cheusi ndicho kinachotoa kivuli kizuri ndani ya maji ya kahawia samaki akishasogea karibu. Uzi uwe wa nguvu, wa kubeba kilo 7 hadi 9, kwa sababu utavua katikati ya mafunjo na magogo.

4. KUTENGENEZA KAYAMBA NYUMBANI

Kichwa cha jigi nunueni kikiwa tayari. Msiyeyushe risasi, hasa jikoni au kwenye sufuria ya chakula. Risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Pia acheni ile tabia ya kubana vipande vya risasi kwa meno, na mnawe mikono kabla ya kula.

Vilivyobaki kikundi kinaweza kutengeneza:

(a) Kata kipande cha sentimita 3 cha ganda la kalamu ya biro iliyokwisha.

(b) Pasha moto ncha moja kwa mshumaa, uibane kwa plaisi hadi izibe.

(c) Tia gololi mbili au tatu ndogo kutoka kwa fundi wa baiskeli. Zisibane, zisogee kwa uhuru. Usijaze, kayamba iliyojaa hailii.

(d) Ziba ncha ya pili. Tumbukiza kwenye glasi ya maji usiku kucha. Maji yakiingia, tupa utengeneze nyingine, kwa sababu kayamba yenye maji sauti yake hufa.

(e) Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe nyuzi nyembamba kama tambi, urefu wa kidole. Hiyo ndiyo sketi, na tayari ni nyeusi.

(f) Funga kayamba kwenye shina la ndoano kwa ukanda wa mpira, kisha funga sketi juu yake. Hakikisha ncha ya ndoano iko wazi.

5. PIMA MAJI KWANZA

Chukua mfuniko mweupe wa kopo, uufunge jiwe na kamba yenye mafundo kila sentimita 10. Uteremshe polepole ukiutazama, hadi upotee machoni.

Ukipotea kabla ya sentimita 30, hayo ni maji ya tope. Tumia kayamba. Ukipotea kati ya 30 na 60, jaribu yote mawili. Ukiuona hata baada ya mita moja, toa kayamba, maana kwenye maji safi kelele nyingi humtia samaki shaka. Andikeni vipimo hivyo kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe na samaki waliopatikana. Baada ya miezi sita daftari hilo litawafundisha kuliko mimi.

6. NAMNA YA KUVUA

Kwenye tope, blakibasi hazururi. Hukaa maji mafupi, ameegemea kitu: shina la mafunjo, gogo, jiwe, nguzo. Tangu maji ya Naivasha yalipopanda sana mwaka 2020, miti mingi ya migunga ilibaki imesimama ziwani, na kila shina la namna hiyo ni nyumba. Basi mpelekee chakula mlangoni. Usimwite kutoka barabarani.

Kwanza, tupa jigi igonge karibu kabisa na shina, si mita mbili kando.

Pili, iache izame huku ukitazama uzi. Mara nyingi samaki huishika ikiwa inashuka.

Tatu, ikifika chini iache itulie. Hesabu hadi kumi.

Nne, tikisa ncha ya ufito mara tatu au nne bila kuivuta jigi. Kayamba ilie pale pale ilipo. Tulia tena.

Tano, isogeze kidogo, kama hatua ya mtu, urudie.

Sita, tupa mahali hapo hapo mara tano kabla ya kuhama. Samaki anaweza kuwa amesikia mara ya kwanza, akageuka mara ya pili, akaja mara ya tatu.

Hapa ndipo vijana hushindwa. Wanavuta mbio kama wanaokimbiza matatu. Samaki asiyeona hawezi kufukuza kitu kinachokimbia. Haraka haraka haina baraka, na kwenye tope ni hivyo hasa.

Ukihisi uzito usio wa kawaida, au uzi ukienda kando peke yake, usingoje. Inua ufito kwa nguvu mara moja.

7. KIBOKO HASOMI SOMO HILI

Ndugu zangu, hapa tusikilizane. Mahali samaki anapojificha, kando ya mafunjo kwenye maji mafupi, ndipo kiboko anapopumzika mchana. Na maji yakiwa tope humwoni hadi ameinuka mbele yako. Wavuvi wa Naivasha wamekufa hivyo, wengi wao wakiwa wanaovua kwa miguu, wameingia majini hadi kiunoni.

Kwa hiyo kikundi kiweke sheria na kila mwanachama aitie sahihi: hakuna kuingia majini kwa miguu, hakuna kuvua gizani, asubuhi wala jioni, boti iwe na watu wawili au zaidi, kila mmoja amevaa jaketi la kuokoa maisha, mkiona kiboko mahali, mwondoke hata kama samaki wanauma. Samaki mmoja hauzwi kwa bei ya baba wa watoto.

8. FAIDA NA SHERIA

Tusidanganyane. Ndoano hushika samaki mmoja mmoja. Haitajaza kreti kama wavu. Faida yake iko kwingine. Wageni wanaokuja kuvua kwa kujifurahisha hulipia boti na mtu wa kuwaelekeza, na mtu anayejua kuvua siku ya tope hatarudisha mgeni nyumbani mikono mitupu. Tena kayamba na sketi mnazotengeneza zinaweza kuuzwa. Anzeni kwa chache, mwandike gharama zote, ndipo mpange bei.

Kabla ya kuanza, nendeni kwa kamati ya ufuo wenu na ofisi ya uvuvi mpate leseni na kujua sheria za ziwa, pamoja na vipindi na mahali palipofungwa. Halafu mjue hili: dume la blakibasi hulinda mayai na watoto kwenye kiota. Ukimtoa, samaki wengine huja kuwala. Ukimpata wakati huo, mrudishe upesi. Wadogo nao warudisheni.

9. TOPE LIMETOKA WAPI?

Kayamba humsaidia mvuvi, lakini haiondoi tope. Sehemu kubwa ya udongo unaoingia Naivasha huletwa na mto Malewa, unaoanzia safu za Nyandarua na kupita mashambani. Ule udongo mweusi unaoondoka kwa mkulima na mbolea yake ndio tope linalomziba samaki macho. Hasara ni moja, wanaoilipa ni wawili.

Zamani mafunjo yaliyoko mdomoni mwa mto yalichuja maji kama kichujio cha chai. Mengi yamekatwa, yameliwa na mifugo au yamekauka. Kwa hiyo wanavikundi wa juu, pandeni nepia na nyasi kwa mistari inayokata mteremko, chimbeni matuta, acheni kingo za mto bila kulimwa. Jambo hili linawezekana: kuanzia mwaka 2010 wakulima wadogo wa bonde la juu la Malewa walipewa vocha kwa mchango wa watumiaji wa maji wa chini, kwa sababu ya kupanda nyasi na kulinda udongo. Na ninyi wa ufuoni, yaacheni mafunjo yakue.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini jigi nyeusi yenye kayamba inafaa zaidi kwenye tope kuliko chambo kinachong'aa?

2. Ni sheria gani za usalama ambazo wanachama wetu huzivunja, na tutafanya nini?

3. Nani atashika daftari la kupima maji, na atapima siku gani?

4. Udongo wa kijiji chetu huenda wapi mvua ikinyesha, na nani anaishi huko chini?