Somo la Mwezi: Kuacha Vyakula vya Ovyo na Kujizoeza Kula Vema



Katika somo hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo aghalabu halitajwi kanisani, nalo ni chakula. Hatusemi juu ya chakula kilichokosekana, bali kile tunachokipata na kukila kila siku pasipo kufikiri. Tunapowatembelea wagonjwa wa parishi yetu twasikia magonjwa yale yale: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi. Mama mmoja aliyeimba katika kwaya yetu miaka mingi sasa yuko nyumbani, maana mguu wake ulikatwa kwa sababu ya kisukari. Ndiye aliyetuomba tuandike somo hili. Alisema, "Waambieni wenzangu wakati wangali na miguu yao."

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokusanyika vikundi vikundi kando ya redio na kujifunza. Wakati ule shida kubwa ilikuwa utapiamlo wa kukosa. Shida hiyo haijaisha. Lakini leo imeongezeka nyingine, ya kushiba vibaya.

1. Mambo yaliyoonwa na madaktari wawili

Daktari Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi Uganda katika Hospitali ya Mulago. Aliporudi kwao alipewa daraja ya ukasisi katika Kanisa la Uingereza. Katika miaka yake ya kazi aliona kwamba maradhi mengi yaliyokuwa ya kawaida Ulaya yalikuwa adimu kwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja mgonjwa wa mishipa ya moyo, kwa kuwa mgonjwa wa namna ile alikuwa jambo geni.

Mwenzake mwingine, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, alitazama maradhi ya matumbo, akaona vivyo hivyo. Wote wawili walifundisha kwamba sababu moja kubwa ni chakula: watu wa vijijini walikula nafaka pamoja na makapi yake, kunde, mboga na viazi, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, lakini Ulaya walikula unga mweupe na sukari. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo.

Tusidhani kwamba zamani watu hawakuugua. Trowell huyo huyo alijulikana sana kwa kuchunguza kwashakoo, ugonjwa uliowaua watoto wengi. Wala chakula si sababu pekee ya kisukari na shinikizo la damu. Ziko pia za kurithi, na za kukaa bila kuutumikisha mwili. Walakini maradhi waliyoyaona kuwa adimu sasa yamo nyumbani mwetu, nasi tumebadili chakula chetu.

2. Chakula cha ovyo ni kipi?

Ni chakula chenye sukari, chumvi au mafuta mengi, na kisicho na faida nyingi nyingine mwilini. Soda, juisi za rangi, biskuti, pipi, chipsi za kila jioni, maandazi ya mafuta yaliyokwisha kuwa meusi: haya yote twayajua.

Tuhesabu pamoja. Chupa ya soda ya mililita 350 aghalabu ina gramu 35 za sukari au zaidi, yaani kama vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na ingefaa zaidi isipite gramu 25. Basi chupa moja tu imekwisha kupita kipimo hicho kidogo.

Lakini tusiilaumu soda peke yake. Mtu anywaye vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, amekunywa vijiko vile vile 9, tena nyumbani kwake.

3. Kwa nini ni vigumu kuacha?

Kwanza, mazoea. Ulimi uliozoea utamu huona kitu kisicho na sukari hakina ladha. Habari njema ni kwamba ulimi hujifunza tena. Ukipunguza sukari na chumvi kidogo kidogo, baada ya majuma machache kile ulichokipenda zamani utakiona kimezidi.

Pili, heshima. Mgeni akipewa maji matupu huona amedharauliwa, na mwenyeji huona haya. Na mtu mwenye kitambi bado twamsifu kwamba mambo yake ni mazuri.

Tatu, kazi na haraka. Mtu atokaye kazini saa mbili usiku hukuta kibanda cha chipsi kiko wazi, na nyumbani moto haujawashwa. Mtu huyu hatumwiti mvivu. Amechoka, naye ana njaa.

4. Hatua za kufuata

(a) Andika kwa siku saba kila ulichokula na kunywa. Usibadili neno. Wengi wetu tulipofanya hivyo tulishangaa, maana vitu vidogo vya kati ya milo ndivyo vilivyokuwa vingi.

(b) Anza na kitu kimoja. Anayeacha vyote Jumatatu huvirudia vyote Ijumaa. Kama ni chai, ondoa nusu kijiko, ukae hivyo majuma mawili, kisha ondoa nusu nyingine.

(c) Usiondoe tu, bali weka kitu mahali pake. Mtoto aliyekuwa akipewa fedha za biskuti apewe ndizi mbivu au karanga za kuchemsha mkononi. Palipokuwa na soda pawe na maji, na tunda lenyewe pembeni.

(d) Rudisha vyakula vya kwetu: maharage, kunde, mbaazi, choroko, mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, dagaa. Jaribu kula mboga na matunda kiasi cha gramu 400 kwa siku, pasipo kuhesabu viazi na mihogo.

(e) Tumia dona badala ya sembe, kwa kuwa sembe imeondolewa kiini na makapi. Lakini dona haikai muda mrefu; saga kidogo kidogo. Mahindi yawe yamekauka vema, na yenye ukungu yatupwe, hata kama roho inauma. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu.

(f) Chumvi yote ya siku isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Usiweke kopo la chumvi mezani. Mafuta ya kukaangia yasirudiwe mara nyingi.

(g) Ukianguka siku moja, endelea kesho. Siku moja haiharibu mazoea mema, ila kukata tamaa ndiko kuharibuko.

Neno la tahadhari: wale wanaotumia dawa za kisukari wasibadili milo yao kwa ghafula, wala wasifunge wakati wa Kwaresima, kabla ya kuzungumza na daktari. Sukari ikishuka mno nayo ni hatari.

5. Meza ya parishi yetu

Haifai kufundisha haya na huku sisi wenyewe baada ya ibada twagawa soda na maandazi. Jambo hili lilipoletwa katika halmashauri ya parishi, palikuwa na mabishano. Mmoja alisema soda ni heshima ya mgeni. Mwingine aliuliza neno gumu zaidi: je, akina mama wanaouza maandazi na vitumbua langoni, wanaolipa kwa fedha hizo sare na madaftari ya watoto, tutawaambia nini?

Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kuponya tumbo la mmoja kwa kuondoa chakula cha mtoto wa mwingine. Kwa hiyo tulikwenda kuwauliza wenyewe. Walisema wanauza kile tunachonunua. Tukinunua viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi, karanga na uji wa mtama, watapika hivyo. Basi tumepatana kwamba mara mbili kwa mwezi chai ya baada ya ibada itakuwa ya vyakula hivyo, navyo vitanunuliwa kwao, na sukari itawekwa kando ili kila mtu ajipimie. Jumapili nyingine tutaendelea kama kawaida mpaka tuone. Ni hatua ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Yule mama wa kwaya tutampelekea sehemu yake nyumbani. Ameomba viazi vitamu, akasema atakula kipande kimoja tu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ni chakula gani cha ovyo kilicho kigumu zaidi kuachwa nyumbani mwako? Kinaliwa saa ngapi, na kwa sababu gani?
2. Wewe huongeza vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Hesabuni pamoja.
3. Twaweza kumpa mgeni heshima kwa njia gani pasipo soda?
4. Ni vyakula gani walivyopika bibi zetu, navyo sasa havipikwi? Nani kati yenu ajua kuvipika, naye yu tayari kuwafundisha wengine?
5. Chagueni kitu kimoja cha kupunguza kwa mwezi mmoja. Mkutane tena mwezi ujao, kila mtu aseme kweli amefika wapi.