ALIYEVUNJA KUFULI, APEWE FUNGUO?



Kevin Mitnick wa Marekani alikuwa akiingia katika kompyuta za makampuni bila idhini na kunakili programu zao. Alikamatwa mwezi wa pili mwaka 1995, akatoka gerezani mwanzo wa mwaka 2000, na akazuiwa kutumia intaneti mpaka mwaka 2003. Kisha makampuni yakamlipa ajaribu kuvunja kinga zao, wapate kujua tundu liko wapi. Alifariki mwaka 2023.

Je, yafaa kumwajiri mtu kama huyo? Wako wasemao mwizi ni mwizi tu. Hapana, mlango wa toba uko wazi. Lakini kusamehewa ni jambo moja, na kukabidhiwa amana ni jambo lingine. Kwanza arudishe haki za watu. Tena kazi yake iwe kwa idhini ya mwenye mali, kwa maandishi, na awepo mwingine wa kumkagua. Siri za wateja si mali ya tajiri peke yake, hata azihatarishe kwa huruma zake.

Na vijana waliojifunza ufundi huo bila kuiba, mbona hawaitwi kwanza?