Andika Wosia Ukiwa Mzima

Wengi wetu huahirisha wosia kwa kudhani kuutaja ni kujiitia kifo. Anayeumia kwa ukimya huo si marehemu. Ni mjane anayetolewa katika nyumba aliyoijenga na mumewe, na watoto wanaokosa ada huku wakubwa wakivutana mahakamani. Kanuni za mila zilizotangazwa Tanzania Bara mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mume anayempenda mkewe asiuachie ukoo uamuzi huo. Aandike, na aandike kwa namna ambayo mahakama itaikubali.

1. Jua sheria itakayotumika

Mirathi Tanzania Bara huongozwa na sheria za mila, za Kiislamu au za kiserikali. Pakitokea ubishi, mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Kwa hiyo taja ndani ya wosia sheria unayotaka ifuatwe, na maisha yako yafanane na maneno hayo.

Mwislamu ana uhuru wa kuusia hadi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni. Hawezi kumwongezea mrithi wake wa kisheria kwa wosia bila ridhaa ya warithi wenzake. Akitaka kumpa mtu mali leo, atoe hiba na kumkabidhi angali hai.

2. Orodhesha mali na madeni

Taja kiwanja kwa namba yake, na shamba la kijijini kwa mipaka na majirani zake. Ongeza akaunti, hisa, mifugo na biashara. Andika unaowadai na wanaokudai, kwa sababu madeni hulipwa kabla ya mgao.

Usiusie kisicho chako. Sehemu ya mwenzi wako katika mali mliyochuma pamoja ni yake. Soma hati ya nyumba: kama mnamiliki kwa pamoja bila kugawana hisa, mmoja akifariki mali hubaki kwa mwenzake. Kama kila mmoja ana hisa yake, unausia hisa yako tu. Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii nayo yana utaratibu wake, hivyo sahihisha majina ya wategemezi huko kwenye mfuko.

3. Kamilisha mashahidi

Hapa ndipo wosia mwingi huanguka. Kwa kanuni za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wote wawe wanajua kusoma na kuandika, na mke au wake waliopo nyumbani washuhudie pia. Tumia wino au maandishi ya kuchapwa, kamwe si kalamu ya risasi. Weka tarehe na sahihi au dole gumba, mashahidi wakiwa wamekusanyika mbele yako. Mbali na mke, epuka shahidi anayepewa kitu katika wosia huo.

Ukimnyima mtoto urithi, sema wazi na ueleze sababu. Kanuni hizo zinataka naye apewe nafasi ya kujitetea mbele yako au mbele ya baraza la ukoo.

4. Wawekee watoto amana

Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kusimamia nyumba ya kupangisha. Teua wadhamini wawili waaminifu, ikiwezekana mmoja wa familia na mmoja wa nje, washike mali hiyo kwa niaba yake. Waandikie mambo manne: mali wanayoishika, matumizi yanayoruhusiwa kama ada na matibabu, kisichouzwa, na umri ambao mtoto atakabidhiwa. Watake pia watunze hesabu. Sema bayana kwamba mali ya amana si yao.

5. Teua msimamizi, hifadhi, sahihisha

Msimamizi wa mirathi awe mtu aliyekubali kazi hiyo, na awepo wa akiba. Kutajwa kwenye wosia hakumpi ruhusa ya kuuza kitu. Lazima kwanza aende mahakamani kuthibitishwa. Mahakama ya Mwanzo humtaka awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Yeye ni mgawaji, hageuki kuwa mmiliki.

Wosia unaweza kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao pia husaidia kuuandika, au kwa wakili. Yaliyomo yanaweza kubaki siri, ila watu wawili unaowaamini wajue ulipo. Usome upya ukioa au kuolewa, ukipata mtoto, ukitalikiana au ukiuza kiwanja. Ukiandika mpya, tamka kwamba unafuta wa zamani. Kumbuka kwamba, kwa kanuni za mila, wosia wa mdomo haufuti wa maandishi.

Mwenye ndoa zaidi ya moja, watoto wa nje au mali nyingi amwone wakili kabla ya kutia sahihi. Kwa wengine wote, anzeni wiki hii na ile orodha ya mali. Wosia hauharakishi kifo cha mtu. Unawalinda wale ambao hutakuwepo kuwatetea.