Maswali na Majibu: Fangasi-Kikombe na Kazi ya Kuozesha Kuni

Marudio ya Sayansi kwa wanafunzi wa darasa la saba na kidato cha kwanza. Funika jibu, jibu swali mwenyewe kwanza, kisha linganisha. Mifano mingi imechukuliwa Dodoma na uwanda wa kati, kwa sababu mada hii unaweza kuisoma kwenye gogo lililo karibu nawe.

SEHEMU A: CHAGUA JIBU SAHIHI

1. Fangasi-kikombe anayeota kwenye gogo lililooza hupata chakula kwa:
(a) usanisinuru (b) kuwinda wadudu (c) kumeng'enya kuni na kufyonza virutubisho (d) kunyonya maji ya mti ulio hai

Jibu: (c). Fangasi hana klorofili, hivyo hawezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Humwaga vimeng'enya kwenye kuni, kuni hulainika na kuvunjika, naye hufyonza kilichoyeyuka. Mmeng'enyo wake hufanyika nje ya mwili.

2. Yupi kati ya hawa yumo katika kundi moja kubwa na fangasi-kikombe?
(a) hamira (b) uyoga wa kichuguu (c) mwani (d) bakteria

Jibu: (a). Hamira na fangasi-kikombe wamo katika kundi la Askomaikota, ambao hutengeneza spora ndani ya vifuko. Uyoga wa kichuguu ni fangasi pia, lakini ni wa kundi la Basidiomaikota: spora zake huota nje, juu ya seli maalumu.

SEHEMU B: MAJIBU MAFUPI

3. Taja fangasi-kikombe wawili na sifa zao.

(i) Jenasi ya Cookeina, inayopatikana katika ukanda wa joto wa Afrika, Asia na Amerika. Vikombe vyake ni vya waridi, chungwa au manjano, na kwa kawaida vina upana wa sentimita 1 hadi 4. Cookeina tricholoma ana nywele ndefu upande wa nje. Jenasi hii ilipewa jina kumuenzi mtaalamu wa fangasi wa Uingereza, Mordecai Cubitt Cooke.

(ii) Scutellinia scutellata, mdogo zaidi. Kisahani chake chekundu kwa kawaida hakizidi sentimita 1, na ukingo wake umezungukwa na nywele nyeusi kama kope za jicho. Carl Linnaeus alimwandika katika orodha yake ya viumbe mwaka 1753.

4. Rangi hizo kali hutoka wapi?

Hutoka kwenye karotenoidi, jamii ya rangi zilizomo pia kwenye karoti, embe na boga. Rangi hiyo haihusiki na kutengeneza chakula.

5. Je, kikombe ndicho mwili mzima wa fangasi?

Hapana. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba sana zilizosambaa ndani ya kuni. Kikombe ni sehemu ya uzazi tu, nacho hujitokeza kwa muda mfupi. Ukikichuma, nyuzi hubaki kazini.

6. Eleza jinsi spora zinavyotoka.

Ndani ya kikombe kuna tabaka la vifuko vingi mno, ambavyo huonekana kwa hadubini. Kwa kawaida kila kifuko hubeba spora 8. Kifuko kikijaa maji, shinikizo hupanda, kifuniko kidogo kilicho juu yake hufunguka, na spora hurushwa hewani. Upepo au pumzi ya mtu inaweza kufanya vifuko vingi vifyatuke kwa pamoja, ukaona kama moshi mwepesi. Umbo la kikombe huacha tabaka hilo wazi kuelekea juu, njia ya spora isizibwe.

7. Kwa nini katika Dodoma tumtafute fangasi-kikombe wakati wa mvua?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu. Vikombe ni laini na hukauka upesi juani. Wakati wa kiangazi usitegemee kuviona. Tafuta baada ya mvua za mfululizo, kwenye matawi yaliyoanguka mahali penye kivuli na unyevu: kingo za makorongo, au misitu ya milimani kama ile ya Rubeho upande wa Mpwapwa.

SEHEMU C: MAJIBU YA MAELEZO

8. Eleza umuhimu wa waozeshaji katika ardhi ya uwanda wa kati. (Alama 8)

Hoja za kujenga jibu lako:

- Kuni zimejengwa kwa selulosi na lignini, ambazo wanyama wengi hawawezi kumeng'enya. Fangasi huzivunja.
- Madini yaliyofungwa ndani ya mti, kama naitrojeni, fosforasi na potasiamu, hurudi ardhini na kutumiwa na mimea mipya.
- Mabaki huwa mboji. Mboji hushika maji, jambo kubwa mahali ambapo mvua ni chache.
- Katika nyanda kavu, mchwa huchukua sehemu kubwa ya kuni zilizokufa. Hata hivyo, mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa huotesha ndani yake fangasi wa jenasi ya Termitomyces, ambao huwavunjia kuni hizo. Uyoga wa kichuguu tunaoula ni zao la bustani hiyo.
- Gogo likichomwa mkaa, kazi hii yote hukatizwa: kaboni nyingi huishia hewani, na mboji haipatikani.
- Ardhi isiyo na miti wala mboji humomonyoka kirahisi. Kondoa ni mfano mkubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianzishwa mwaka 1973 kukabili mmomonyoko mkoani.

9. "Fangasi wote ni maadui wa binadamu." Jadili.

Kauli si sahihi. Katika kundi la Askomaikota pekee wamo hamira inayoumua mkate, na Penicillium, ambaye kwake Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Humo humo yumo Aspergillus flavus, anayezalisha sumukuvu kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo jibu zuri hutaja pande zote mbili, kisha huonyesha kinga: kukausha nafaka vizuri na kuihifadhi mahali pakavu penye hewa.

MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

- Kuandika kwamba fangasi ni mmea. Fangasi wana himaya yao. Kuta za seli zao zina kaitini, za mimea zina selulosi.
- Kuita spora mbegu. Mbegu ina kiinitete, spora haina.
- Kusema kuni "huoza zenyewe". Taja anayeozesha.

KAZI YA VITENDO

Weka kipande cha tawi lililooza kwenye chombo cha plastiki chenye kitambaa kibichi, funika bila kukaza, weka kivulini. Kila siku chunguza kwa lenzi na uandike unachoona. Usionje chochote, nawa mikono kwa sabuni.

JIPIME

Kamati ya mazingira ya kijiji kimoja cha Kondoa inataka kukusanya na kuchoma magogo yote yaliyooza katika msitu wa kijiji, kwa hoja kwamba ni uchafu. Andika hoja nne za kuishauri kamati iyaache. (Alama 4)